Nani Mwenye Kauli juu ya Jiwe?
Kutoka shanga za Taveta hadi tanzanaiti ya Mirerani

Holili ni mji wa kupita. Barabara ya lami ikishaachana na Himo hushuka kuelekea mashariki, migomba inabaki nyuma, miti ya miiba na vumbi vinachukua nafasi yake, na kabla abiria hajamaliza soda yake ameshafika mpakani. Mbele ni Taveta, Kenya. Tangu mwaka 2016 pande hizi mbili zina kituo cha huduma za pamoja mpakani: anayekwenda Kenya hugongewa muhuri na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Taveta, na anayeingia Tanzania humalizana nao upande wa Holili. Kila kinachopita hapo kina karatasi yake. Mahindi yana kibali, ng'ombe ana cheti cha mifugo, lori lina makaratasi ya kujaza faili zima. Kisicho na karatasi hupita njia za panya, na watu wa Rombo wanazijua njia hizo kama wanavyovijua vihamba vyao, mashamba yao ya migomba.

Kuna bidhaa moja inayousumbua utaratibu huu wote, nayo ni kito. Gunia la mahindi halifichiki, lakini jiwe lenye bei ya nyumba huenea chini ya ulimi. Tena hata likiwekwa mezani mchana kweupe, macho matupu hayawezi kuapa kama ni almasi, kioo, au kitu kilichopikwa kiwandani wiki iliyopita. Ndiyo maana biashara ya vito popote duniani imesimama juu ya swali moja: nani mwenye kauli ya mwisho kuhusu jiwe hili? Kwenye barabara ya Holili, swali hilo ni la zamani kuliko mpaka wenyewe.

Shanga kwanza, kahawa baadaye

Mwaka 1883, miaka mitatu kabla ya Waingereza na Wajerumani kukubaliana kuupindisha mstari wa mpaka kuuzunguka Mlima Kilimanjaro, msafiri wa Kiskoti Joseph Thomson alipiga kambi Taveta. Alikuwa njiani kuelekea Umasaini na mizigo ya vitambaa, nyaya na shanga. Akiwa hapo aligundua kwamba shanga zake hazipokeleki kama zilivyo. Wamasai walizitaka zikiwa zimetungwa kwenye nyuzi za urefu uliozoeleka, na zisipokuwa hivyo hawazitaki. Msafara ukasimama. Wapagazi wakaketi kwenye kivuli cha msitu wa Taveta, siku baada ya siku, wakitunga upya maelfu ya nyuzi.

Wafanyabiashara wa Pwani, kama Jumbe Kimameta wa Pangani ambaye Thomson alisafiri naye, walikuwa wakiyajua hayo kwa miaka. Walijua kwamba shanga nyekundu ya samesame inafungua njia sehemu moja, na hatua chache mbele haikununulii hata kuku. Walijua tofauti ya vitambaa vya merikani na kaniki kwa kushika tu. Huko kulikuwa kupanga madaraja, ingawa hakukuwa na cheti hata kimoja. Mtoa daraja alikuwa mpokeaji. Shanga ya kioo iliyotengenezwa Ulaya ilipata thamani yake ya mwisho machoni pa mtu aliyekaa chini ya mti karibu na Kilimanjaro, na mzungu aliyeileta alilazimika kutii.

Miaka 50 baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Kahawa, ambayo wamisionari Wakatoliki wa Kilema walianza kuipanda mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa imeenea katika vihamba vya Wachaga. Wakulima walijiunga, kwanza katika chama cha wapanda kahawa cha mwaka 1925, kisha mwaka 1933 katika Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU. Kahawa ilishuka mlimani ikiwa na maganda, ikakobolewa Moshi mjini, ikapitishwa kwenye machekecheke, ikapewa herufi: AA, A, B, PB na nyingine za chini yake. Halafu wakaja waonjaji. Kijiko kinachovuta kahawa kwa mluzi, mdomo unaoitembeza, ndoo ya kutemea. Mkulima aliyezilea punje zile tangu zikiwa maua hakuwa na kauli tena; bei yake iliamuliwa na chekecheke na ulimi wa mtu mwingine.

Hata hivyo mkulima wa Kilimanjaro alijifunza jambo ambalo wanunuzi wengi wa pete za almasi hawalijui mpaka leo. AA haisemi kama kahawa ni tamu. Inasema ukubwa wa punje, basi. Utamu una daraja lake na mtu wake wa kuupima. Madaraja mawili, maswali mawili tofauti, na anayeyachanganya atalia sokoni.

Mwadui na meza ya London

Almasi ilipopatikana Tanganyika, haikuwa mbali na watu wa Moshi kwa kilomita tu. Ilikuwa mbali kwa siri pia. John Thorburn Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, alitafuta kwa miaka mingi, mara nyingi akiwa hana fedha, mpaka mwaka 1940 alipoupata mwamba wa Mwadui, Shinyanga. Eneo lake la hekta 146 linaufanya uwe miongoni mwa miamba mikubwa zaidi ya almasi iliyowahi kuchimbwa duniani. Mwaka 1947 mgodi ulitoa almasi ya waridi yenye karati 54.5. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi.

Fuata kilichotokea kwa jiwe hilo, kwa sababu ndani yake kuna somo zima la tathmini. Lilipelekwa London kukatwa. Lilipotoka mezani kwa wakataji lilikuwa na karati 23.6. Zaidi ya nusu ya uzito ilikuwa imegeuka vumbi na vipande, na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa kilichobaki kilikuwa na thamani kubwa kuliko kilichoingia. Mwaka 1953 likawekwa katikati ya ua la almasi nyeupe lililotengenezwa na Cartier, na Elizabeth, wakati huo akiwa Malkia, alilivaa kifuani kwa miongo mingi.

Karati, kwa maana ya uzito, ni gramu 0.2. Neno lenyewe limetokana na mbegu za mkarobu zilizotumika zamani kwenye mizani, na mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 kila mji mkubwa wa biashara ulikuwa na karati yake iliyozidi au kupungua kidogo. Kipimo kimoja cha dunia kilikubaliwa mwaka 1907. Kwa hiyo uzito ndio jambo la kwanza, na kwa muda mrefu lilikuwa jambo pekee, ambalo muuzaji na mnunuzi hawakuhitaji kubishania.

Mengine yote yalikuwa ya kubishania. Almasi ghafi ni kama kuuziwa ng'ombe aliyefunikwa blanketi: mnunuzi anakisia kilichomo. Kuna ufa unaofika wapi? Rangi hii ya manjano itapungua jiwe likikatwa, au itazidi? Ukilipasua yatoke mawe mawili, au litoke moja kubwa? Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, maswali hayo yalijibiwa London, kwenye meza za shirika la mauzo lililotawaliwa na De Beers. Mawe kutoka migodi mbalimbali yalichambuliwa kwa ukubwa, umbo, rangi na ubora katika maelfu ya makundi, yakafungwa kwenye maboksi, na wanunuzi walioalikwa wakatajiwa bei. Williamson alijaribu kuuza peke yake, kisha naye akakubaliana nao. Alipofariki mwaka 1958, mgodi ulinunuliwa na De Beers pamoja na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Baadaye Tanzania huru ilikuwa na chombo chake cha kuchambua na kuthamini almasi, TANSORT. Jina hilo litarudi tena mbele.

Kwa nini almasi inaanzia D

Mnunuzi wa duka la rejareja naye alikuwa gizani. Katika miaka ya 1930 sonara wa Marekani angeweza kumuuzia mteja almasi ya daraja A, jirani yake akauza AA, wa mtaa wa pili akauza AAA, na kila mmoja akiwa na maana yake kichwani. Wengine waliita rangi kwa majina ya migodi ya Afrika Kusini, kama Wesselton na Jager. Robert Shipley, aliyeanzisha Taasisi ya Jimolojia ya Marekani, GIA, mwaka 1931, aliwafundisha wanafunzi wake kukagua mambo manne: uzito, rangi, usafi wa ndani na ukataji.

Mwaka 1953 mrithi wake, Richard Liddicoat, akatoa kipimo kinachotumika mpaka leo. Kwa rangi aliacha makusudi herufi A, B na C, kwa kuwa zilikuwa zimechakaa kwa uongo wa madukani, akaanzia D kwa almasi isiyo na rangi kabisa. Kuanzia hapo herufi hushuka hadi Z, jiwe likizidi kuwa la manjano au kahawia. Ngazi 23 kwa jumla. Usafi ukapewa ngazi 11, kuanzia jiwe lisilo na doa lolote linaloonekana kwa lensi ya kukuza mara 10 hadi lile ambalo ufa na mawingu yake vinaonekana hata kwa jicho tupu. Mkato wa almasi za mviringo ulisubiri sana. Ulianza kupewa daraja kwenye ripoti za GIA mwaka 2006 tu, ingawa ndio unaoamua kama jiwe litawaka au litakaa kama kipande cha barafu kwenye glasi.

Ripoti za kwanza zilianza kutolewa mwaka 1955. Mwaka huohuo kampuni ya Marekani ya General Electric ilitangaza kwamba imefaulu kutengeneza almasi kwa joto na mgandamizo mkubwa. Karatasi ya kuthibitisha na kitu cha kuitia mashakani vilizaliwa pamoja.

Jiwe lililokosa jina

Mwaka 1967 ikawa zamu ya upande huu wa mlima. Kusini mwa Kilimanjaro, katika mbuga kavu za Simanjiro karibu na kilima cha Mirerani, jiwe la bluu lilianza kuokotwa. Serikali ya Tanzania inamtambua Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wake. Vitabu vingi vya nje vinamtaja Manuel de Souza, fundi cherehani mzaliwa wa Goa aliyekuwa akiishi Arusha, ambaye alisajili eneo la kuchimba Julai mwaka huo. De Souza hakujua alichoshika. Majina kadhaa yakajaribiwa yakashindikana. Mjiolojia wa serikali huko Dodoma anatajwa kuwa ndiye aliyelitambua sawasawa: ni zoisaiti, madini yaliyokuwa yakijulikana tayari, ila hakuna aliyekuwa ameyaona yakiwa na rangi kama hiyo.

Kauli ya Dodoma ilikuwa sahihi, lakini haikuuza. Kampuni ya Tiffany ya New York iliyoamua kulitangaza jiwe hilo haikulipenda jina hilo, kwani kwa matamshi ya Kiingereza linakaribia neno la kujiua. Henry Platt wa Tiffany akalipa jina la nchi lilikotoka, na mwaka 1968 tanzanaiti ikaingia madirishani. Jina lenye Tanzania ndani yake lilitungwa Marekani.

Ukitaka kuona ugumu wa kulipa jiwe hili daraja, mtazame mnunuzi wa Mirerani akiwa kazini. Halikagulii ndani ya nyumba. Anatoka nje, anaupa jua mgongo, analishika kwa kibano. Anamulika kwa tochi kutafuta nyufa, kisha anazima tochi na kuligeuza polepole. Kwa upande mmoja linaonyesha bluu, kwa wa pili zambarau, kwa wa tatu wekundu wa damu ya mzee au ukahawia. Ni jiwe moja, rangi tatu, kufuata mwelekeo wa mwanga. Mawe mengi hutoka ardhini yakiwa ya kahawia na lazima yachomwe kwenye joto la nyuzi zipatazo 500 ndipo ukahawia uondoke na bluu itawale. Hivyo anayenunua jiwe ghafi ananunua rangi ambayo bado haipo. Magonga, kama wanavyoitwa madalali wadogo wa Mirerani, wanaishi kwa kukisia hilo, na wana-Apolo wanaotambaa kwenye mashimo wanaishi kwa kuamini makisio yao.

Basi tanzanaiti ina kipimo gani? Hapa ndipo mtu wa Moshi angestahili kucheka. Dunia haijakubaliana juu ya kipimo kimoja. Ripoti ya GIA kwa tanzanaiti husema ni jiwe gani na kama lina dalili za kutiwa dawa au kupakwa rangi, lakini haitoi ngazi kama zile za D hadi Z. Miaka ya 2000 taasisi ya Tanzanite Foundation, iliyohusiana na kampuni ya TanzaniteOne, ilitunga kipimo kilichotenganisha mawe yanayoelemea bluu na yanayoelemea zambarau, kisha kuyapanga kwa ukolezo wa rangi. Lakini madukani na kwenye matangazo, tanzanaiti bado inauzwa kwa A, AA na AAA, zilezile herufi alizozikimbia Liddicoat. AA ya kahawa ina chekecheke nyuma yake, matundu yake yanapimika. AAA ya tanzanaiti nyuma yake yupo muuzaji.

Karatasi zaongezeka

Mwishoni mwa miaka ya 1990 vita vya Angola na Sierra Leone viliifanya dunia iulize swali jipya juu ya almasi: imetoka wapi, na nani ameshibia fedha yake? Mazungumzo yalianza Kimberley, Afrika Kusini, Mei 2000, na kuanzia Januari 2003 almasi ghafi haikuruhusiwa kuvuka mpaka wa nchi mwanachama bila cheti cha Mchakato wa Kimberley. Tanzania imo. Ni cheti chenye nguvu, lakini kina mipaka inayosahaulika. Kinahusu mawe ghafi tu, kikifuata mzigo mzima ndani ya kasha lenye lakiri. Hakisemi lolote juu ya rangi wala usafi, na almasi iliyokwisha kukatwa na kuwekwa kwenye pete haina cheti chake cha Kimberley. Muuzaji anayemwonyesha bwana harusi karatasi ya Kimberley ya pete moja anamwonyesha kitu ambacho hakipo.

Tanzanaiti nayo ilionja moto huo. Katika kesi ya mabomu ya mwaka 1998 yaliyolipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, ushahidi uligusia biashara ya tanzanaiti ya mmoja wa washtakiwa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, gazeti la Wall Street Journal lilichapisha habari iliyolihusisha jiwe hilo na magaidi. Tiffany ikasitisha kuliuza. Mshindo ulifika Mirerani haraka, kwa watu wasiowahi kuliona gazeti lile. Februari 2002, kwenye maonyesho ya vito ya Tucson, Arizona, serikali ya Tanzania na wafanyabiashara walitia saini itifaki ya kulifuatilia jiwe kutoka shimoni hadi dukani, na biashara ikarudi. Mwaka huohuo wafanyabiashara wa Marekani wakaiweka tanzanaiti kwenye orodha ya mawe ya waliozaliwa Desemba.

Karatasi za nje zikawa zimetosha. Za ndani zikafuata. Mwaka 2017 Spika wa Bunge aliunda kamati mbili za uchunguzi, ya almasi chini ya Mussa Azzan Zungu na ya tanzanaiti chini ya Doto Biteko. Septemba mwaka huo, mzigo wa almasi za Mwadui wa karati zipatazo 71,654 ulizuiwa Dar es Salaam. Nyaraka zilionyesha thamani ya dola milioni 14.8, serikali ikasema thamani halisi ni dola milioni 29.5. Petra Diamonds, kampuni iliyokuwa na asilimia 75 ya mgodi huku serikali ikiwa na 25, ilikana kufanya udanganyifu na kueleza kwamba tathmini ya awali ilifanywa na wathamini wa serikali wenyewe, TANSORT. Mawe yaleyale, mizani ileile, bei mara mbili. Mtu aliyewahi kumwona mwonjaji wa kahawa akibishana na mwenzake juu ya kikombe kimoja angeelewa haraka pengo hilo linavyoweza kutokea, na pia jinsi linavyoweza kuficha mengi.

Kwa tanzanaiti jibu lilikuwa ukuta. Rais John Magufuli aliuagiza akiwa Simanjiro Septemba 2017, wanajeshi wakaujenga kwa miezi michache, na Aprili 6, 2018 akauzindua: kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ya Mirerani. Siku hiyo Jumanne Ngoma, mzee na mgonjwa, alitambuliwa hadharani na kuahidiwa shilingi milioni 100. Alifariki mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Viongozi walikuwa wamelalamika kwa miaka kwamba Kenya na India zinatajwa kuwa wauzaji wakubwa wa tanzanaiti ilhali hazina hata shimo moja la jiwe hilo. Kwa lugha ya Holili: njia za panya zilikuwa zimefanya kazi kuliko lami.

Juni 2020 ukuta ulipata shujaa wake. Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Simanjiro, alileta mawe mawili, moja la kilo 9.27 na lingine la kilo 5.1, na serikali ikayanunua kwa shilingi bilioni 7.74. Mizani ilisomwa mbele ya kamera, hundi ikakabidhiwa, Rais akapiga simu. Agosti mwaka huohuo Laizer akaleta la tatu, kilo 6.3. Kwa mara moja, kauli juu ya jiwe ilitolewa hatua chache kutoka shimo lililolitoa.

Pete mkononi mwa mnunuzi

Haya yote yanamfikia mnunuzi wa kawaida siku ile anapoingia dukani, Moshi au Nairobi au Dubai. Mila za Kichaga hazikumdai bwana harusi jiwe. Zilidai mbege, mbuzi na maneno ya wazee, na pete ilikuja na makanisa, mara nyingi duara tupu la dhahabu. Siku hizi vijana wanaulizia almasi, na wauzaji wana karatasi tayari.

Cha kwanza ni kutenganisha risiti au tathmini ya duka na ripoti ya maabara. Ya dukani imeandikwa na anayetaka kuuza, na mara nyingi thamani iliyomo ni ya bima, juu kuliko bei halisi. Ripoti ya maabara huru haitaji bei kabisa. Inataja vipimo vya jiwe kwa milimita, uzito hadi nukta ya pili ya karati, rangi, usafi, mkato kwa jiwe la mviringo, na kama jiwe limewahi kurekebishwa. Nyingi zina mchoro unaoonyesha kila doa lilipo, kama ramani ya kihamba. Nambari ya ripoti huweza kuchongwa kwa leza kwenye ukingo mwembamba unaozunguka kiuno cha almasi, herufi ndogo kuliko unywele, na mwenye lensi anaweza kuzisoma na kuzilinganisha na rekodi ya maabara kwenye intaneti. Ikiwa duka halina lensi ya kukuza mara 10 ya kumwazima mteja, hilo nalo ni jibu.

Kalamu ya umeme inayopigwa kwenye jiwe na kulia "almasi" haitoshi. Nyingi hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto, na moisanaiti, inayouzwa kama kito tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, hupitisha joto karibu sawa na almasi. Lensi huikamata: ukiitazama kwa pembe, kingo za nyuma huonekana mbilimbili. Almasi ya maabara ni shida zaidi, kwa sababu ni almasi kweli, kaboni ileile, na kwa kawaida mashine za maabara tu ndizo zinazoitofautisha. Si haramu, inauzwa kwa bei ndogo sana, na ripoti yake hutamka wazi asili yake. Kosa ni kulipia ya ardhini ukapewa ya tanuri.

Uzito una mtego wake. Bei ya almasi hupanda kwa ngazi, kwa hiyo jiwe la karati 1.00 hugharimu kwa kila karati zaidi ya la 0.95, ingawa kidoleni hakuna shemeji atakayeona tofauti. Wakataji wanajua hilo, wengine huacha jiwe likiwa nene kiunoni ili lifike namba inayotakiwa na mizani, na mwanga unalipia.

Kwa tanzanaiti, mnunuzi anarudi kwenye mbinu ya Mirerani: alitoe nje, aligeuze. Kioo cha bluu hakibadiliki rangi kwa kugeuzwa. Mwaka 2008 maabara za Marekani ziliripoti tanzanaiti hafifu zilizopakwa utando wa kobalti ili zionekane kolevu; utando ulijionyesha kwenye kingo zilizochubuka. Na ugumu wake ni kati ya 6 na 7 kwa kipimo ambacho almasi ina 10, kwa hiyo pete ya kila siku, ya mama anayekatia majani ng'ombe na kumenya ndizi, itachoka mapema.

Upande wa pili wa Holili barabara inaendelea kupitia nchi ya vito vingine. Kati ya Taveta na Voi kuna rubi ya Mangari na tsavoraiti, jiwe la kijani ambalo Campbell Bridges alilikuta kwanza Tanzania mwaka 1967, kisha Kenya, na ambalo Tiffany ililipa jina mwaka 1974, kama ilivyolipa tanzanaiti. Bridges aliuawa huko Taita mwaka 2009 katika mzozo wa eneo la kuchimba. Wajiolojia huweka Mirerani na Taita katika ukanda mmoja wa miamba ya kale, ulioachwa na mgongano wa mabara mamia ya mamilioni ya miaka kabla ya mtu yeyote kuchora mpaka.

Mtalii aliyeshuka mlimani kwa njia ya Marangu na sasa anaelekea Mombasa anasimama mbele ya dirisha mpakani. Ofisa anataka pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Pete ya tanzanaiti iko kidoleni, risiti ya duka iko kwenye pochi. Imeandikwa jiwe la bluu, AAA. Nje, kwenye jua la saa nane, risiti inasema kweli. Jioni Voi, mwenye pete akinyoosha mkono kuchukua chumvi chini ya balbu ya manjano ya hoteli, jiwe ni la zambarau.